Mpakuzi si Mpishi

Jumapili, 14 Aprili. Shella, Malindi

Kitabu nimekiona leo. Yasin mwenyewe hakuniletea. Nimekikuta mkononi mwa mwanafunzi wangu, nikakiomba nikitazame. Jalada la buluu, picha ya udi, na chini yake kwa herufi za dhahabu: Yasin Mbaruk. Ndani mna nyimbo za mama yangu.

Nimerudi nyumbani nikanunua daftari hili. Nisipoandika nitapasuka.

Mama yangu ni Bi Hindu, mpiga udi wa harusi za wanawake. Wanawake wa rika langu, toka Malindi mpaka Mambrui, wengi wao walitolewa ndani siku ya harusi kwa udi wake. Mwaka juzi alipooza upande wa kulia. Mkono wa kupigia risha, ile ya kucharazia nyuzi, ukafa, ulimi nao ukafuata. Akabaki na mkono wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, na vijineno viwili vitatu. Basi tukawa tunafanya hivi: namwegemezea udi kifuani, yeye anabonyeza kwa kushoto kwake, mimi napiga risha kwa kulia kwangu. Udi mmoja, watu wawili. Na kila alipoweka kidole, niliandika.

Niliandika kwa tabulatura. Alinifundisha marehemu Ornella, bibi wa Kiitaliano aliyekuwa jirani yetu, aliyekuwa akipiga udi wa kale wa kwao. Ni hati ya karne nyingi. Unachora mistari sita, kila mstari ni uzi mmoja. Juu ya mstari unaandika mahali pa kidole, na juu kabisa unatia vijiti vya mwendo. Waitaliano wa zamani waliandika tarakimu, na uzi mnene wakauweka juu. Wafaransa waliandika herufi, uzi mnene wakauweka chini. Nilifuata Wafaransa. Na kwa kuwa udi wetu shingo yake ni laini, haina alama, nilifunga pete za uzi wa utumbo pale vidole vya Mama vinapoangukia, hata kama vitabu vinasema kwingine.

Yasin ni mtoto wa mdogo wake Mama. Mama ndiye aliyemlea alipofiwa, na udi kamfunza mkekani hapa hapa ninapoandika. Aliazima karatasi zangu "akawafundishie vijana Kilifi". Kwenye utangulizi ameandika: *Namshukuru pia mnukuzi.*

Mnukuzi. Jina langu halimo. La Mama halimo.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimesoma kitabu chote. Hajakosea hata herufi moja.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda Kilifi kumkabili. Nilimwona anatoka kwenye ukumbi anakofundisha, nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa sauti iliyowafanya wauza matunda wote wanitazame. Akaenda zake taratibu, mwavuli juu, kama anayepita karibu na mbwa wa watu.

Sawa, Yasin.

Jumamosi, 20 Aprili

Mkewe amekuja. Mbeyu, Mgiriama wa Ganze, mtu mpole. Sijawahi kugombana naye. Alimwamkia Mama, akakaa, akazungusha zungusha kikombe cha chai.

"Wifi, kaka yako amenituma. Mwezi wa sita kuna hafla ya kitabu, hoteli moja ya Kikambala. Wakubwa wa utamaduni watakuja, na wanawake wa vikundi vya harusi wamealikwa. Anaomba umtengenezee udi, na siku yenyewe uketi karibu umrekebishie nyuzi."

"Nimrekebishie nyuzi?"

"Anasema sikio lako halina mfano. Na anaomba umwandikie wimbo wa kumtolea bi harusi. Ule haumo katika karatasi ulizompa. Anataka kufungia nao."

Kwa hiyo mwizi amerudi kuulizia alichosahau kuchukua. Nilitaka kumwagia chai ile miguuni. Lakini nilimtazama Mama. Alikuwa na kitabu mapajani, ananikodolea macho, na nusu ya mdomo wake iliyo hai imebana.

"Mwambie nimekubali," nikasema.

Mbeyu alishusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

Jumapili, 21 Aprili

Siku zote nimemdhani Mama mtu wa kusamehe. Alimsamehe baba, aliwasamehe majirani walioacha kuja kumjulia hali. Asubuhi nikamwambia, "Mama, najua utaniambia nimwachie Mungu." Akakipiga kile kitabu kofi kikaanguka sakafuni. Kisha akaimba.

Daktari alitueleza kwamba wimbo na mazungumzo havikai chumba kimoja kichwani. Ulimi ulioshindwa kuniomba maji juzi ulitoa maneno haya bila kukwama hata silabi:

*Mpakuzi si mpishi,*
*moto hakuukokea;*
*asifiwa kwa mapishi*
*ya chungu cha kupokea.*

Ni wimbo wa jikoni wa kuumbuana. Wanawake humwimbia anayejisifia pilau aliyoipika mwingine. Hapa pwani kila mwanamke aliyewahi kuosha mchele harusini anaujua. Mama aliumaliza, akauanza tena huku anaupigia mapigo kwenye goti, na hapo ndipo nikasikia alichokuwa ananionyesha. Mwendo wake ni ule ule wa wimbo wa kumtolea bi harusi. Sauti ndizo mbalimbali.

Nikamtazama. Akanitazama. Mama yangu si mtu wa kusamehe hata kidogo, nami nimeishi naye miaka yote hii sijui.

Alhamisi, 25 Aprili

Barabara imekatika Mariakani, maziwa hakuna dukani. Nimefanya kazi siku nzima.

Ubaya na uzuri wa tabulatura ni kwamba haisemi sauti. Inasema tu: uzi huu, mahali hapa. Sauti itakayotoka inategemea uzi ulivyokazwa. Walioandika zamani walilijua hilo, na Ornella alinionyesha kurasa ambazo mwandishi anakuamuru kwanza ulegeze uzi fulani, ndipo upige. Usipolegeza, utapiga upuuzi.

Basi naandika ukurasa mmoja wenye nyimbo mbili. Nyuzi zikiwa kama kawaida, vidole vitatoa wimbo wa bi harusi. Nikikaza wa pili na wa tatu, nikalegeza wa nne na wa tano, vidole vile vile, mahali pale pale, vitatoa *Mpakuzi si mpishi*. Kwa kila sauti natafuta uzi ambao tofauti yake itanifaa. Ni kama kushona kanzu itakayovaliwa pande zote mbili. Mahali pengine kidole itabidi kiruke mbali bila sababu ya maana. Atadhani ni madoido ya Mama.

Tatizo ni moja. Yasin ana masikio. Akisikia sauti tatu za kwanza, atasimama.

Jumapili, 28 Aprili

Ukurasa umekamilika. Bado tatizo ni lile lile.

Jumamosi, 4 Mei

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Leo yalikuwa mazoezi ya kwanza, ukumbini Kilifi. Tulikuwa mimi, Yasin, Mbeyu, na Karisa mpiga dumbaki. Yasin alinipokea kwa heshima zote. "Mamkubwa hajambo? Nitakuja kumwamkia." Nikajibu kwa meno. Nilirekebisha nyuzi kama kawaida, akauweka ukurasa wangu mbele yake, akaanza. Anasoma vizuri, sikatai. Vidole vyake ni vya Mama.

Katikati ya wimbo mvua ikashuka. Ukumbi umeezekwa mabati, hayana dari. Ilikuwa mvua ile ya kumfanya mtu aseme na mwenzake kwa ishara. Karisa akaacha ngoma, akacheka, akainua mikono juu. Mimi mwenyewe sikusikia hata uzi mmoja.

Yasin aliendelea kupiga.

Hakuinua macho. Aliendelea mstari kwa mstari, akafika mwisho, akaituliza risha, ndipo akatutazama akitabasamu. "Mnaonaje?" Niliyasoma maneno hayo mdomoni mwake tu, maana mvua bado ilikuwa inapiga. Mbeyu akamgusa bega haraka, akaonyesha juu. Yasin akatazama bati, na uso wake ukabadilika. "Ah. Mvua," akasema, akajifanya anacheka.

Mvua ilipopungua nilikwenda nyuma yake, karibu kabisa, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Yasin, udi unaungua." Hakusogea. Mbeyu alinisikia. Alinifuata mpaka barazani akanishika mkono.

"Wifi, kwa jina la Mungu usimwambie mtu. Sikio la kulia lilikwisha zamani. La kushoto limekwisha mwaka jana. Anasoma midomo. Wakijua, nani atampa kazi ya muziki? Karatasi zako ndizo zimemwokoa. Anasema ni kama fimbo ya kipofu."

Nimekumbuka siku ile ya mwavuli. Hakunidharau. Hakunisikia.

Njia nzima ya kurudi Malindi nilikuwa naitafuta huruma kifuani. Ilikuwapo, lakini ndogo, na pembeni yake palikuwa na kitu kikubwa kinachong'aa. Uziwi haumpi mtu ruhusa ya kuiba. Angalikuja akasema, "Ilham, sisikii tena, nisaidie," ningalimwandikia nyimbo mia, na jina la Mama juu. Hakusema. Alichukua, akamfuta.

Na sasa tatizo langu limekwisha. Hatasimama. Atapiga mpaka mwisho.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwambia Mama habari ya masikio ya Yasin. Akaimba tena, ubeti mzima.

Jumapili, 12 Mei

Mazoezi. Unyevu umevimbisha vigingi vya kukazia nyuzi, vinakwama. Nimevisugua kwa chaki.

Jumamosi, 18 Mei

Yasin alikuja kumwona Mama. Alipiga magoti. "Shikamoo, Mamkubwa." Mama akageukia ukutani. Yasin alidhani ni maradhi, akambusu mkono ule uliokufa. Alileta maembe na halua.

Alipokuwa anaondoka aliniambia, "Dada, wimbo huu wa mwisho ni mgumu. Vidole vinaruka ruka."

"Ndivyo alivyokuwa akiupiga Mama."

Akaniamini. Hilo la kuaminiwa linachosha kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 25 Mei

Mbeyu aliniuliza kama nina neno na mumewe. Nikasema sina. Aliendelea kunitazama mpaka nikajisingizia kazi jikoni.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimepungua. Mchana kutwa jua.

Jumapili, 9 Juni

Ilikuwa jana. Nilishindwa kuandika jana.

Hafla ilianza baada ya alasiri, katika ukumbi wa hoteli unaotazama bustani. Mbele waliketi wakubwa, wengi wa bara, wenye suti. Nyuma na pembeni wanawake wa vikundi, leso za rangi moja moja, wa Malindi, wa Takaungu, wa Kilifi. Mama nilimweka mstari wa kwanza kwenye kiti chake cha magurudumu. Mshereheshaji alimsifu Yasin kwa "utafiti wake wa miaka mingi". Yasin aliinamisha kichwa. Kama moyo wangu ulikuwa na mlango wazi, ulifungwa hapo.

Alipiga nyimbo za kitabuni, moja baada ya nyingine, nazo zilitoka safi. Nilizirekebisha nyuzi kwa uaminifu. Watu walipiga makofi. Kisha akatangaza, "Wa mwisho ni wa kumtolea bi harusi," akanikabidhi udi mbele ya watu wote.

Nilikaza wa pili. Nikakaza wa tatu. Nikalegeza wa nne na wa tano. Hakuna aliyeshtuka, mtu akirekebisha udi nani anajua anafanya nini. Nilimrudishia. Akaweka kidole kwenye uzi wa tatu, akaubonyeza, akasita. Akanitazama.

"Umekaza huu?"

Vidole vyake vilikuwa vimesikia.

Niliuelekeza uso wangu kwake ili anisome vizuri. "Unyevu," nikasema. "Utakaa sawa."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza, Karisa akaingia na ngoma.

Niliwaona wanawake wa Takaungu wanatazamana. Karisa aligeuza shingo kumwangalia Yasin, mikono yake ikaendelea kwa mazoea. Kisha mama mmoja mnene wa Malindi, mpishi wa harusi wa siku nyingi, akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakatikisika. Mwingine akaanza kwa sauti ya chini: *Mpakuzi si mpishi…* Ubeti wa pili waliuimba wote. Ukumbi mzima wa nyuma, kwa vigelegele, wanamnyoshea vidole kama wafanyavyo jikoni. Wakubwa wa bara wakadhani ndiyo desturi, wakapiga makofi kufuata mwendo.

Na Yasin aliwaona. Aliona midomo inaimba, leso zinapepea, akadhani wanaimba wa bi harusi. Macho yalimjaa machozi. Akaurudia wimbo wote toka mwanzo, ingawa haikuandikwa kurudia.

Mama alikuwa anaimba nao.

Nilipata kila nilichotaka. Sidanganyi daftari: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu mpaka nilipomwona Mbeyu kando ya jukwaa. Alikuwa anaujua wimbo. Alinitazama mimi, si mumewe, wala hakwenda kumzuia, kwa sababu kumzuia kungekuwa kumwambia.

Alipomaliza Yasin alinishika mikono yote miwili. "Wameimba, Ilham! Nimewaona wanaimba. Sijawahi kupokewa hivi maishani mwangu."

Jumatatu, 10 Juni

Video imeenea kwenye simu. Watu wametia maneno ya wimbo chini yake.

Jumanne, 11 Juni

Mbeyu amekuja. Hakuamkia, hakukaa.

"Wifi, ungenipiga mimi. Ungeninyoa hadharani. Jana kutwa ananiletea simu nimsomee watu wanasema nini, nami namtungia uongo, kwa kuwa yeye mwenyewe akiona vicheko anadhani ni furaha. Leo kaniuliza, mbona wameandika mpakuzi? Nimemwambia sijui."

"Kitabu kina jina la nani, Mbeyu?"

"Kina jina lake, na ni vibaya, na nilimwambia ni vibaya." Alikuwa analia kwa hasira. "Sasa nenda ukamwambie ulichofanya. Wewe una ulimi. Mimi nimechoka kuwa masikio ya mtu na uongo wake pia."

Sikwenda.

Alhamisi, 13 Juni

Sikwenda.

Jumamosi, 15 Juni

Amekuja mwenyewe, na udi. Alikaa mkekani bila kukaribishwa.

"Nipigie nilichokipiga," akasema. "Kwanza kama kilivyoandikwa, kisha kama ulivyokirekebisha siku ile."

Akaweka kiganja kwenye tumbo la udi. Nikapiga wa bi harusi. Nikabadilisha nyuzi, nikapiga ule mwingine. Aliyafumba macho. Mti ulikuwa unatetemeka chini ya mkono wake.

"Ni wimbo mmoja," akasema.

"Si mmoja. Ni mwendo mmoja." Nilimgusa kidevu anitazame. Nikamtamkia maneno, mstari kwa mstari, taratibu, asipotewe na hata moja. Alikuwa ananisoma mdomo. Kwenye *chungu cha kupokea* uso wake ulikuwa umekwisha kuwa wa mtu mwingine.

Hakunitukana. Alisema, "Niliogopa. Nikisema nyimbo ni za Mamkubwa na hati ni yako, wangeniuliza mimi nina nini. Sina kitu, Ilham. Hata sauti yangu mwenyewe siisikii."

"Mama naye hana mkono wala ulimi. Ulimwachia nini?"

Akauchukua udi wake, akatoka.

Jumatano, 26 Juni

Amesema redioni, kwa kinywa chake, kwamba nyimbo ni za Bi Hindu na hati ni ya bintiye, na kwamba yeye ni kiziwi. Mchapishaji ameziondoa nakala madukani. Zitatoka upya na majina yetu. Kilifi wamemwachisha kufundisha. Wameniuliza kama nitachukua nafasi yake. Nimesema nitachukua.

Nilidhani nitalala vizuri. Nimelala vizuri.

Jumapili, 30 Juni

Yasin alikuja leo asubuhi kumwomba Mama radhi. Hakuleta maembe. Alisema hana maneno, atapiga ule wimbo wa kuumbuana mbele yake, akijua anachokipiga. Nikamrekebishia nyuzi. Nilikaa kati yao, kwa sababu midomo ya Mama imepinda, na Yasin hawezi kuisoma. Lolote atakalosema, mimi ndiye wa kumpitishia.

Alipiga mpaka mwisho. Akaniangalia.

"Tena," akasema Mama.

Nikainua kidole kimoja. Akapiga tena.

"Tena."

Kidole. Akapiga. Jasho lilikuwa linamtiririka, ncha ya kidole cha shahada ilikuwa imechubuka na uzi wa pili umeshika wekundu. Mbeyu alikuwa amesimama mlangoni. "Tena," akasema Mama, na tena, na nilikuwa nampitishia kila mara. Kisha alipomaliza mara nyingine Mama alimtazama muda mrefu, yule mtoto aliyemlea, na sauti yake ikatoka laini, ambayo sijaisikia tangu augue.

"Basi."

Yasin hakuisikia. Alinigeukia, risha mkononi, akisubiri nimwambie mama yake amesema nini.

Niliinua kidole kimoja.